Chakula cha Usiku Huanza Asubuhi

Twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyeturuzuku chakula na akatupa watu wa kula nao, na twamwomba amteremshie rehema na amani Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu wasomaji wetu, miezi michache iliyopita tuliandika katika ukurasa huu maneno makali juu ya watoto wanaokuja chuoni jioni hali matumbo yao yamejaa viazi vya kukaangwa na soda, wakasinzia mbele ya msahafu kabla somo halijafika nusu. Tukasema ya kuwa kina mama wa zama hizi wameliacha jiko lao kwa mwenye karai wa njiani. Leo twayarudia maneno yale, si kwa kuyatilia nguvu, bali kwa kuyasahihisha. Tulisema nusu ya haki tukaiacha nusu ya pili, na hiyo tuliyoiacha ndiyo iliyokuwa kubwa.

Aliyetuonyesha kosa letu ni mama mmoja ambaye mwanawe ni mwanafunzi wetu. Alikuja chuoni siku ya Jumamosi, akatoa salamu, akakaa kwa adabu, kisha akasema: "Maalim, niliyasoma uliyoyaandika. Swali langu ni moja tu. Je, wewe umepata kuwapikia watu sita baada ya Magharibi, nawe umetoka kazini tangu asubuhi?"

Hatukuwa na la kujibu. Tumevuka miaka 50, tumefundisha watoto na sasa twafundisha watoto wao, na katika umri wote huo hatujapata kupika hata chungu kimoja cha wali.

Basi akatueleza siku yake. Huamka kabla ya Alfajiri, akachemsha chai, akawatayarisha watoto, na saa 1 akatoka. Huuza nguo katika duka la watu mjini Mombasa, na duka hilo hufungwa saa 12 jioni. Akipata matatu upesi hufika kwake baada ya Magharibi. Asipopata upesi hufika na Isha imekaribia. Hapo moto haujawashwa, mchele haujachaguliwa, na mtoto wake mdogo amekwisha lala na njaa. "Sipendi kumtuma mtoto kwa mwenye karai," alituambia, "lakini mwenye njaa hajui kungoja. Na huyu mkubwa ambaye angenisaidia, saa ile mnaye ninyi chuoni."

Neno hilo la mwisho lilitukaa moyoni, nasi tutalirudia hapa mbele.

Haukupita mwezi, mwenzetu wa nyumbani akasafiri kwenda Lamu kumwuguza mama yake, akakaa huko siku 20. Tukabaki na watoto watatu: wavulana wawili, mmoja wa miaka 15 na mwingine wa miaka 12, na binti wa miaka 9. Usiku wa kwanza tuliteleka maharagwe makavu baada ya Sala ya Magharibi. Isha ikaadhiniwa, tukaenda tukarudi, na maharagwe yangali magumu kama changarawe. Saa 4 tukayaacha, tukala mkate kwa chai, na binti yetu alikuwa amelala juu ya mkeka na nguo zake za shule. Usiku wa pili tulimtuma kijana kwa mwenye karai. Alipoifungua karatasi mbele yetu, nayo imelowa mafuta kote, tuliyakumbuka tuliyoyaandika, tukaona haya.

Jirani yetu, bibi mtu mzima aliyelea watoto tisa, alizipata habari zetu kwa watoto. Siku ya tatu alituita ukutani akasema: "Mwanangu, chakula cha usiku hakipikwi usiku. Huanza asubuhi. Usiku ni kukimaliza tu."

Ndugu zetu, maneno hayo ya yule bibi ndiyo somo letu la leo. Na anayeyatilia shaka na atazame nyumba yake katika mwezi wa Ramadhani. Nyumba ile ile isiyoweza kupata mchuzi mmoja kabla ya Isha katika mwezi wa Rajabu, katika Ramadhani huwa na uji, na tambi, na mbaazi za nazi, na sambusa, vyote vimetandikwa kabla ya adhana ya Magharibi, nao wapishi wamefunga. Je, saa za Ramadhani ni nyingi kuliko saa za miezi mingine? La. Ila katika Ramadhani twajua tangu asubuhi tutakula nini, vitu vya kuloweka hulowekwa mapema, na kila mtu nyumbani ana kazi yake. Basi twaweza. Lililobaki ni kuchukua mpango ule wa Ramadhani tuutie katika miezi mingine, kwa chakula kichache zaidi na kwa mafuta machache zaidi.

KAZI YA ASUBUHI

Kazi ya asubuhi haizidi dakika 15, na yaweza kufanywa baada ya Sala ya Alfajiri. Jambo la kwanza ni kukata shauri: leo tutakula nini? Mtu akifika nyumbani amechoka kisha ndipo aanze kufikiri, shauri atakalokata ni la karai. Katika nyumba yetu sasa tunaandika vyakula vya juma zima katika karatasi iliyobandikwa ukutani jikoni, na karatasi hiyo imetuokoa na maswali mengi.

Jambo la pili ni kuloweka. Pojo, ambazo wengine huziita choroko, na kunde, na mbaazi kavu, na maharagwe, zote zikilala majini tangu asubuhi huiva upesi zaidi jioni na hula makaa au gesi kidogo. Kwa kuwa pwani kwetu kuna joto, maji yale yasiachwe mpaka usiku; mtoto arudipo shuleni na ayamwage, azioshe nafaka hizo, atie maji mapya. Katika kupika pia yatiwe maji mengine safi.

Hapa twataka kuonya jambo moja ambalo wengi hawalijui. Maharagwe mekundu yakiwa mabichi au nusu mabichi yana sumu ndani yake, nayo humtia mtu kichefuchefu, kutapika na kuhara saa chache baada ya kuyala. Moto mdogo hauiondoi sumu hiyo. Dawa yake ni kuyaloweka kwa muda usiopungua saa 5, kumwaga maji yake, kisha kuyachemsha kwa moto mkali kwa dakika 10 au zaidi kabla ya kupunguza moto, na kuendelea kuyapika hata yawe laini. Basi asiwepo wa kuharakisha maharagwe kwa kuyala yangali magumu, kama tulivyotaka kufanya sisi usiku ule wa kwanza.

Jambo la tatu ni kuchagua mchele, kuosha vyombo vya kupikia na kuviweka mahali pake. Mwenye jokofu aweza pia kukata vitunguu na kuvifunika humo. Asiye na jokofu na aviache vizima, avikate jioni.

KAZI YA SIKU YA MAPUMZIKO

Vyakula vingine havifai kabisa kwa jioni ya haraka, na ni bora tuseme hivyo mapema. Kisamvu ni mojawapo. Majani ya muhogo yana sumu, nayo huondoka kwa kutwangwa vizuri na kuchemshwa kwa muda mrefu. Basi kisamvu ni cha siku ambayo watu wapo nyumbani. Kadhalika pilau na biriani ni vya wageni na Ijumaa, si vya Jumanne usiku.

Siku hiyo ya mapumziko ndiyo siku ya kuchemsha maharagwe kilo nzima kwa mara moja. Mwenye jokofu hutenga ya siku hiyo, na yaliyobaki huyatia katika vyombo vipana visivyo na kina ili yapoe upesi, kisha huyafunika na kuyaweka katika baridi. Hukaa humo siku 3 bila ya tatizo. Ya kukaa zaidi yawekwe katika barafu. Siku ya kuyala hutiwa kitunguu, nyanya na bizari, yakachemka sawasawa, na katika dakika 15 mchuzi uko tayari.

Lakini wali una sharti lake. Wali uliopikwa kisha ukaachwa jikoni katika joto usiku kucha waweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata wali ukipashwa moto tena mpaka utoe moshi. Basi wali uliobaki upozwe upesi na uingie katika jokofu kabla ya saa moja au mbili kupita, uliwe kesho yake, na upashwe moto mara moja tu. Asiye na jokofu na apike kiasi cha kutosha kwa usiku huo, ukibaki kidogo apewe jirani ungali moto. Mtume (S.A.W.) alimwusia Abu Dharr ya kwamba akipika mchuzi azidishe maji yake na awakumbuke jirani zake, hiyo ni hifadhi ya chakula iliyo bora kuliko jokofu.

VYAKULA VINNE VYA JIONI

Katika miji yetu ya pwani, baina ya adhana ya Magharibi na Isha kuna muda wa dakika 70 hivi. Ukitoa muda wa Sala, zabaki kama dakika 55. Vyakula hivi vinne tumevipika sisi wenyewe katika muda huo, kwa mikono isiyozoea, na kila kimoja chatosha watu sita.

Cha kwanza ni pojo na wali. Chukua vikombe 2 vya pojo zilizolowekwa tangu asubuhi, uziteleke kwa maji ya kuzifunika. Dakika 30 zatosha kuziivisha. Karibu na kuiva tia kitunguu kimoja, nyanya mbili, thomu punje tatu na manjano kidogo. Mwisho tia tui la nusu ya nazi, likichemka uepue. Nyumba nyingi hutumia nazi mbili, nasi twaipenda nazi kama wapendavyo watu wote wa pwani; lakini mafuta yake ni mazito kwa moyo, na nusu nazi huleta ladha ile ile pasipo kuulemea mwili.

Mwenye jiko moja atauliza: wali upikwe wapi? Jibu ni kapu. Teleka kwanza wali, vikombe 3 vya mchele kwa vikombe 5 vya maji au kwa kadiri ya mchele wenyewe. Ukichemka kwa dakika 7 hivi, uufunike vizuri, uepue, uitie sufuria pamoja na mfuniko wake katika kapu lililotandikwa blanketi, uizungushie nguo nzito pande zote na juu. Wali hujimalizia wenyewe humo kwa joto lake kwa muda wa dakika 40, nalo jiko liko huru kwa pojo. Sufuria isiachwe humo hata ikawa vuguvugu. Chakula kiliwe kingali moto.

Cha pili ni samaki kwa sima, ambayo ndugu zetu wengine huiita ugali. Samaki na aparwe magamba na kukatwa vipande huko huko sokoni, kazi hiyo isiletwe nyumbani. Nyumbani apakwe chumvi kidogo na ndimu, awekwe katika baridi mpaka jioni. Asiye na jokofu na amnunue jioni. Karanga vitunguu viwili kwa vijiko viwili vya mafuta, tia nyanya nne, thomu, manjano na maji ya ukwaju, uache mchuzi utokote dakika 10. Kisha tia samaki, naye huiva kwa dakika 10 au 12. Usimgeuze-geuze, atavunjika. Mchicha hupikwa mwisho, kwa dakika 5, kwa kitunguu na maji yake yenyewe. Sima isongwe wakati mchuzi umeepuliwa, kwani haitaki zaidi ya dakika 15.

Cha tatu ni dagaa kwa viazi vitamu au mihogo ya kuchemsha. Gramu 300 za dagaa wakavu husafishwa, huoshwa kwa maji ya moto mara mbili ili mchanga na chumvi vitoke, kisha hukaangwa kwa mafuta machache pamoja na vitunguu, nyanya, pilipili boga na ndimu, kwa dakika 15. Wako wanaowadharau dagaa kuwa ni chakula cha wasio na uwezo. Hawajui walitupalo. Dagaa huliwa pamoja na mifupa yake, na mifupa hiyo ndiyo yenye madini yanayojenga mifupa na meno ya watoto wetu.

Cha nne ni mayai katika mchuzi wa nyanya, nacho ni cha siku ile ambayo kila kitu kimekwenda upande. Karanga kitunguu, tia nyanya tano zilizokatwa, bizari nyembamba na chumvi kidogo, ziive hata ziwe nzito. Vunja mayai 8 juu yake, funika, yaache mpaka kiini kigande. Kwa chapati za jana au mkate, na kachumbari ya tango na kitunguu, chakula kiko mkekani kwa dakika 20. Mwenye karai wa njiani ana watu wake wa kungojea. Mara nyingi tuliwahi sisi kabla yake.

AFYA YA WALAJI

Hatukuandika haya kwa ajili ya kuokoa muda peke yake. Katika mtaa wetu ni nadra sasa kukuta nyumba isiyo na mgonjwa wa sukari au wa shinikizo la damu, na magonjwa haya hayana haya ya kuingia hata kwa walio vijana. Yapasa basi tujue vipimo. Shirika la Afya Duniani lashauri ya kuwa mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, nazo ni kadiri ya kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote alivyokula tangu asubuhi. Lashauri pia ale mboga na matunda yasiyopungua gramu 400 kila siku. Kila mtu na ajipime: mchicha ule mdogo ulioko pembeni mwa sahani ni gramu ngapi?

Soda iliyo katika chupa ya mililita 300 aghalabu huwa na sukari gramu 30 hivi, sawa na vijiko vya chai 7. Hakuna mzazi ambaye angekubali kumtilia mtoto vijiko 7 vya sukari katika bilauri moja, lakini akiuziwa vimekwisha kuchanganywa humpa. Maji na embe, au papai, au chungwa, ni bora kwa mwili na ni rahisi kwa mfuko.

Na chai? Twajua tutawaudhi wengi. Chai ikinywewa pamoja na chakula huuzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe na mboga, na madini hayo ndiyo yanayotengeneza damu. Wanaoyahitaji zaidi ni wanawake na mabinti. Ndimu nayo kazi yake ni kinyume cha chai, huusaidia mwili kuyapata. Basi kamua ndimu juu ya pojo na mchicha, na chai iahirishwe hata saa moja ipite baada ya kula. Hatukusema iachwe.

MIKONO YA NANI?

Sasa twalirudia lile neno la yule mama, ya kuwa mtoto ambaye angemsaidia saa ile tunaye sisi chuoni. Tulilipima neno hilo tukaona ni kweli. Darsa yetu ilikuwa baina ya Magharibi na Isha, saa ile ile ambayo nyumba yahitaji mikono. Tukawalaumu kina mama kwa kukosa muda, ilhali sisi ndio tuliouchukua. Tuliwaita wazazi, tukashauriana, na tangu hapo darsa ya siku za juma huanza baada ya Alasiri na watoto huwa makwao kabla ya Magharibi kuingia. Wanafunzi hawakupungukiwa kitu. Mtoto aliyeshiba vizuri jana yake husoma kwa nusu saa zaidi ya alivyosoma yule mwenye kusinzia kwa saa nzima.

Lakini mtoto kuwapo nyumbani si kusaidia, ikiwa kaka amekaa na simu mkononi na dada yake wa miaka 9 ndiye anayekuna nazi. Wavulana pia wana mikono. Katika zile siku 20 mkubwa wetu alijifunza kusonga sima, wa pili akachukua kazi ya kubadilisha maji ya maharagwe na kuosha sufuria, na binti yetu akawa ndiye mwenye kutandika mkeka na kukata kachumbari. Siku za mwisho kazi iliyokuwa ikitushinda kwa saa 3 tukawa twaimaliza kwa dakika 50.

Na sisi kina baba? Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amwie radhi, aliulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani mwake. Akajibu ya kuwa alikuwa katika kuwatumikia watu wake, na wakati wa Sala ukifika hutoka kwenda kusali. Habari hii imo katika Sahihi ya Bukhari, nasi tumeisomesha kwa miaka 30. Twaungama mbele yenu ya kuwa tuliisomesha kwa ulimi, na mikono yetu hatukuisomesha. Ikiwa yeye aliye bora wa viumbe hakuona ni kujidunisha kuitumikia nyumba yake, ni baba gani miongoni mwetu ambaye heshima yake itavunjika kwa kumenya kitunguu?

Tena baba mwenye kurudi nyumbani na akute mchuzi mmoja na mboga, asiseme, "Hiki tu?" Mtume (S.A.W.) hakuwa akikitia ila chakula kabisa, akikipenda alikila, asipokipenda alikiacha. Siku moja aliwaomba watu wake kitoweo, wakamwambia hawana ila siki. Akaagiza iletwe, akaila huku akiisifu. Nyumba inayosifu siki haitahitaji karai la njiani. Nyumba inayodharau pojo itahitaji, na mwisho wake itahitaji na daktari.

Ndugu zetu, mwenzetu alirudi kutoka Lamu siku ya Alhamisi asubuhi. Alipoingia jikoni akakuta kunde zimelowekwa, karatasi ya vyakula iko ukutani, na sufuria zimepangwa mahali ambapo yeye hazipangi. Alizipanga upya, akatucheka kidogo, na karatasi akaiacha pale pale. Tangu siku ile kuloweka ni kazi yetu sisi tukirudi msikitini Alfajiri, na hatujaona ya kuwa elimu yetu imepungua.

Yule mama naye tulimwomba radhi mbele ya wazazi wenzake, kwani kosa lililoandikwa hadharani haliombewi radhi sirini. Alisamehe. Alituambia ya kuwa mwanawe sasa huwasha jiko na kuteleka wali kabla yeye hajashuka garini, na siku nne katika juma hula nyumbani wote pamoja kabla ya Isha. Hizo siku nyingine bado zamshinda. Mtoto akija chuoni kesho yake na usingizi machoni, hatumwulizi mbele ya wenzake alikula nini.

Twawaomba basi wasomaji wetu jambo jepesi. Usiku wa leo, kabla ya kulala, kaeni na watu wa nyumba zenu mjiulize kesho mtakula nini, na nani ataloweka, na nani atabadilisha maji, na nani atawasha moto. Andikeni majina, na jina la baba liwemo.

Mwenyezi Mungu atubarikie katika riziki aliyotupa, atujaalie afya ya kumwabudu, na azifanye nyumba zetu kuwa mahali pa kusaidiana. Amin.